Mwandishi na Mjadala wa Hadithi Yake

Walimu wa fasihi huulizana kama inafaa mtunzi aliye hai akaribishwe darasani wakati hadithi yake inapojadiliwa. Wako wasemao kwamba hapana aijuaye maana kuliko yeye aliyeitunga. Wengine huchelea kwamba mtunzi akisha kusema, wanafunzi hunyamaza. Hofu hii ya pili ina uzito zaidi, ingawa haitoshi kumfungia mtunzi mlango.

Tutazame kwanza hadithi ambayo mtunzi wake hajulikani. Hapa Mafia husimuliwa kwamba watu wa Kisimani Mafia waliunda chombo, wakawaalika watu wa Kua, mji ambao magofu yake yangalipo katika kisiwa cha Juani. Siku ya kukishua, wenyeji waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza chini, na chombo kikapitishwa juu yao. Watu wa Kua walisubiri miaka, kisha wakawaalika wenzao harusini, wakawazibia mlango kwa ujenzi, nao wakafa humo ndani. Je, hadithi hii yalaumu kiburi au kisasi? Hapana wa kuulizwa. Anayetaka kushinda katika ubishi huo hana budi kurudi kwenye hadithi yenyewe: nani alianza, nani alilipa, na waliolipishwa ndio waliotenda?

Mfano wa pili ni Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951. Wahakiki wengi wameiona nchi ile ya angani kuwa ni sitiari ya utawala wa kikoloni. Mtunzi alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Lau angaliulizwa hadharani maana ya mashtaka ya Karama, ukweli ungaliweza kumponza, na uongo ungalikipunguza kitabu. Alifariki mwaka 1962. Maadamu hakukifunga kitabu chake katika tafsiri moja, wasomaji wa baada ya Uhuru wameweza kukitumia kuupimia utawala wo wote.

Hata hivyo desturi yetu haimnyamazishi mtunzi. Katika gazeti la Mambo Leo washairi walijibizana, lakini aliyejibu alijibu kwa shairi, chini ya sheria zile zile za vina na mizani, na wasomaji wakayapima mashairi yote mawili. Kadhalika Euphrase Kezilahabi, alipotoa Kichomi mwaka 1974, alieleza katika utangulizi kwa nini aliziacha sheria hizo. Alifanya vema, kwa kuwa suala lilihusu ufundi, na juu ya ufundi mtunzi ni shahidi mwema. Lakini riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971 iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Kama kitabu hicho chapotosha vijana au chawaonya wazazi, hilo haliamuliwi kwa kiapo cha mtunzi kuhusu nia yake. Huamuliwa kwa kuyasoma maisha ya Rosa, tangu ukali wa baba yake hadi mwisho wake.

Mwamba ngozi huvutia kwake, na mtunzi naye ni mwamba ngozi. Basi na aalikwe, lakini wanafunzi waseme kwanza, naye asikilize. Zamu yake ifikapo, aulizwe jinsi alivyoandika, alichokifuta na sababu yake. Akitoa tafsiri, ipimwe kwa maandishi kama tafsiri ya msomaji mwingine.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka vijana wenye akili za kudadisi. Kijana aliyezoea kungoja mwenye kitabu amwambie maana, yamkini atangoja vivyo hivyo mbele ya kila mwenye cheo. Walimu na waanze na swali la mtihani. Badala ya kuuliza mwandishi alikusudia nini, waulize hadithi yasema nini, na yasema hivyo katika ukurasa upi.