Akaunti Mama Isishike Fedha

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro aliniita nimsafishie vitabu vyake. Anatumia GnuCash, programu ya bure iliyoanza kutumika miaka ya tisini. Orodha yake ilikuwa na akaunti tisini na kitu, zote zimelala mstari mmoja: dizeli, nondo, mishahara, mkopo wa gari. Katikati yake ilikuwapo moja iliyoitwa "Fedha", salio shilingi 6,400,000. Nilimuuliza fedha hizo ziko wapi. Akatazama droo, akatazama simu, akanyamaza.

Jina kama hilo linafaa akaunti mama, na akaunti mama ina kazi moja, kujumlisha. Chini yake zinakaa akaunti ndogo, na programu hukuonyesha jumla yake bila wewe kuandika chochote. Ukianza kuingiza miamala kwenye mama yenyewe, jumla ile inachanganyika na kiasi kisicho na pa kukaguliwa. M-Pesa ina taarifa yake, benki ina taarifa yake, droo inahesabika kwa mkono. "Fedha" haina karatasi ya kulinganishwa nayo.

Tatizo lilikuwa miamala ya miaka miwili iliyokwishaingizwa humo. Kuihamisha mmoja mmoja kungechukua wiki nzima, na mkono uliochoka hukosea. Nilipoipitia nikaona sehemu kubwa ni ya M-Pesa. Basi nikahifadhi nakala ya faili, kisha nikaibadilisha jina akaunti ile ya zamani iwe "M-Pesa". Nikafungua "Fedha" mpya, tupu, chini ya Mali. Nikarudi kwa M-Pesa, nikaichagulia Fedha iwe mama yake. Historia yote ikahama nayo kwa mara moja, kwa sababu miamala hufungwa kwenye akaunti yenyewe, si kwenye jina wala mahali ilipo. Iliyobaki kuhamishwa kwa mkono ni ile ya droo na ya benki tu. Mwisho nikaweka alama kwenye kisanduku kinachoizuia Fedha kupokea muamala wowote. Hatua hii watu wengi huiruka, na baada ya miezi mitatu uchafu unarudi palepale.

Ubishi ulikuja kwenye gari. "Mimi nataka kuona Canter inanila kiasi gani," alisema, akitaka gari, dizeli, matairi na mkopo wake vikae chini ya mama mmoja. Programu ikakataa, na ilikuwa sahihi. Gari ni mali. Dizeli ni matumizi. Mkopo ni deni. Ukiweka dizeli chini ya mali, mizania itadai kwamba mafuta yaliyoungua Januari bado ni utajiri wako. Swali lake hata hivyo lilikuwa la haki kabisa, kwa hiyo tulifungua "Canter" katika kila tawi la akaunti kwa jina lilelile, na ripoti ya matumizi sasa inamjibu kwa mstari mmoja.

VAT ilikuwa rahisi zaidi. Chini ya Madeni niliweka mama wa VAT mwenye akaunti ndogo mbili, ya mauzo na ya manunuzi. Mauzo yakiwa na 1,800,000 na manunuzi 1,240,000, mama anaonyesha 560,000, ndiyo deni lake kwa mamlaka ya mapato, TRA, kwa mwezi husika.

Aliomba pia kila aina ya saruji ipate akaunti yake. Hapo nilikataa. Idadi ya mifuko ni kazi ya daftari la stoo, na mti wa akaunti wenye ngazi sita humchosha anayeingiza miamala hadi aanze kubahatisha. Ngazi tatu zinamtosha.

Tulipomaliza, zile 6,400,000 zilikuwa zimegawanyika: M-Pesa 3,950,000, benki 2,130,000, droo 320,000. M-Pesa na benki zilioana na taarifa zake hadi shilingi ya mwisho. Droo tuliihesabu mara mbili, tukapata 275,000. Zile 45,000 walikuwa wamelipwa vibarua walioshusha mabati Jumamosi, na hakuna aliyeandika.