Hesabu ya Pumzi

Asubuhi ya Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros zikiwa zimebaki mita chache za marathoni ya ubingwa wa dunia. Walifika kwenye mstari pamoja. Wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ziamue, na picha zikampa Simbu ushindi wa sekunde 0.03 pamoja na dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Wengi walimsifu kwamba ana moyo. Anao, lakini sifa hiyo inamdhulumu, kwa sababu inaufanya ushindi wake uonekane kama ujasiri uliomjia ghafla mwishoni. Hakuna mtu awezaye kutoa katika mita za mwisho kitu ambacho hakukiweka akiba. Mbio zile ziliamuliwa mapema zaidi, barabarani, kila kundi lilipobadili kasi na kila mmoja akalazimika kupima kama afuate au aache. Uwezo huo wa kupima ndio ninaousifu hapa. Ni ufundi kamili, wenye kufundishika, na kwetu unazungumzwa kidogo mno kuliko unavyostahili.

Akiba ya wanga iliyomo mwilini haitoshi kilomita 42 za kasi kubwa, na anayeanza kwa pupa huimaliza njiani. Wengi hudaiwa deni la pupa hiyo baada ya kilomita 30. Tatizo ni kwamba mwili hauna saa wala mizani ya kumwonyesha mtu kilichobaki. Hutoa ishara tu: pumzi inayofupika, mabega yanayopanda, unyayo unaoanza kutua kwa kishindo. Mkimbiaji mzuri huzisoma zingali ndogo, kama nahodha apunguzaye tanga kabla upepo haujamlazimisha. Mwaka 1977 Wamarekani William Morgan na Michael Pollock walichapisha uchunguzi uliowashangaza wengi. Wakimbiaji wa kawaida walijisahaulisha machungu kwa kuwaza mambo ya mbali, ilhali walio bora kabisa waliusikiliza mwili wao muda wote, wakilegeza bega, wakirekebisha mwendo. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake nchini Uingereza walikwenda mbali zaidi. Waliwapa watu 16 kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90, kisha wakawapandisha baiskeli ya maabara wakanyage hadi washindwe. Walishindwa mapema kwa takriban asilimia 15 kuliko siku waliyotazama filamu za hali halisi, ingawa vipimo vya moyo na mapafu havikutoa sababu. Kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi uzito wa kazi. Basi kuishiwa nguvu, kwa sehemu, ni hukumu inayotolewa kichwani, na mwenye kutoa hukumu anaweza kufunzwa kuitoa kwa haki.

Mafunzo yenyewe hayana shangwe. Mazoezi ya mwendo wa taratibu humfunza kijana kumwacha mwenzake atangulie bila kuona amevunjiwa heshima, na kwa mwenye miguu myepesi somo hilo ni gumu kuliko kupanda mlima. Mbio ndefu humfunza kukaa na uchovu bila kuutia chumvi, akajua kwamba baada ya kilomita mbaya huweza kuja kilomita nzuri. Mizunguko ya kasi uwanjani humfunza kuijua sekunde kwa pumzi yake kabla ya kutazama saa. Mkenya Eliud Kipchoge, aliyelelewa kiriadha na kocha Patrick Sang, ameandika mazoezi yake daftarini mwaka baada ya mwaka, na tabasamu lake la kilomita za mwisho, ambalo watazamaji hudhani ni wepesi wa maumbile, amelieleza mwenyewe kuwa ni njia ya makusudi ya kutuliza maumivu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mkenya mwenzake, marehemu Kelvin Kiptum. Alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago mwaka 2023, ya saa 2 na sekunde 35, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, na ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Mtu mwenye kasi ile alikubali kwenda polepole kwanza.

Atakayepinga ataniuliza: vipi kuhusu miinuko, maumbile, viatu vya kisasa na fedha? Vyote vina uzito, na kichwa hakiongezi damu mwilini. Lakini wanaobaki katika kundi la mbele baada ya kilomita 35 karibu wote wanavyo vitu hivyo, na hapo vinaacha kuwatofautisha. Mwingine atanitajia Mtanzania Filbert Bayi, ambaye huko Christchurch mwaka 1974 hakungoja mtu. Aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mimi naona anathibitisha hoja yangu. Mpinzani wake John Walker alimkaribia kwenye mita za mwisho akamkosa kwa sekunde 0.3 hivi, naye pia akiwa ndani ya rekodi ya zamani. Kutangulia namna ile bila kuanguka kunataka hesabu kali zaidi, maana wa mbele hana mgongo wa kuutazama.

Pingamizi zito ni jingine: kwamba sifa za akili huwafanya vijana wadharau maumivu. Hapa hutajwa Mtanzania John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akaendelea hadi kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde. Namheshimu kwa dhati. Lakini alilolifanya lilikuwa wajibu wa siku moja mbele ya taifa lake, na kulifanya kanuni ya mazoezi ya kila wiki ni kuwavunja watoto. Sauti ile ile inayosema bado unaweza ndiyo inayopaswa kusema huu sasa si uchovu, ni jeraha, rudi nyumbani. Mkimbiaji asiyejua kusimama hajakamilika katika ufundi huu.

Mwalimu wa michezo anayewaandaa wanafunzi kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anaweza kuanza bila kununua chochote. Awakimbize mizunguko minne, na kabla ya kila mzunguko kila mmoja ataje sekunde anazodhani atatumia. Kisha awaonyeshe saa. Atakayekuwa amekosea kidogo kuliko wote apigiwe makofi, hata kama amefika wa mwisho.