Nafasi ya Kidole

Mzee huyu kipimo chake ni kidole cha shahada. Kila akifunga ufito mmoja wa tete, hukipitisha kati ya huo na ulio jirani. Kisipopita, hufungua fundo akaanza upya. Nimekaa naye asubuhi nzima, karibu na pale kilipokuwa kivuko kabla ya daraja la Kilombero, na mgono, mtego wake wa samaki, haujafika nusu.

"Kidole kikipita, mtoto wa kambale naye anapita," akaniambia. "Mwanangu, mimi nimemwalika mama yake tu."

Na huyo mama anamjua. Mvua kubwa zikinyesha na mto ukapanda mbugani, kambale huyafuata maji mapya usiku, akipapasa njia kwa sharubu, akatage kwenye nyasi zilizofunikwa. Maji yakipungua hurudi mtoni. Wandamba, wenyeji wa bonde la Kilombero, humzibia mfereji kwa ua wa matete, wakaacha mlango mmoja, na mlangoni mgono. Kwa hiyo anayenaswa ameshataga.

Ila mimi kilichonikaa moyoni ni mkia wa mgono. Asiyejua angeuzamisha wote. Mzee huuegesha umeinuka, ncha ikabaki hewani, maana kambale, licha ya matamvua, ana kiungo cha kuvutia hewa, na kwenye maji mazito ya kinamasi asipopanda kuvuta pumzi hufa maji. Basi usiku kucha amefungwa, lakini anapumua. Alfajiri hutolewa mzima, na akifika soko la Ifakara bado anachezesha sharubu. Sijaona kitoweo kikitendewa adabu kama hiyo.

Bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002. Mzee hana habari na karatasi hiyo. Yeye anachokijua ni chandarua. Na ni huku huku Kilombero ambako, mwishoni mwa miaka ya 1990, watu walihimizwa kununua vyandarua, na watoto wengi wakaokoka. Ninaandika nikiwashukuru waliohimiza. Leo vilivyochakaa, na vingine vipya kabisa, vinaburutwa madimbwini. Kitundu cha chandarua kilipimwa kwa mbu.

Jioni nilipita sokoni. Vikambale vilikuwa vimerundikwa juu ya mfuko wa nailoni, vinauzwa kwa kikombe. Nikaweka kidole kando ya kimoja. Kidole kilikuwa kirefu zaidi.