Je, Kristu ni Babu Yetu?



Mwaka 2025 Eklezya ilikumbuka miaka 1700 ya Konsilio ya Nisea. Tuliimba, tulihubiri, tulifanya mikutano. Yote hayo ni mema. Lakini Konsilio ile ilituachia kipimo, na kipimo hakiwekwi nyumbani ili kitazamwe tu. Basi napenda kukitumia hapa kwa jina moja ambalo wanateolojia wa Afrika wamempa Bwana wetu, hasa tangu miaka ya 1980, nalo siku hizi lasikika katika mahubiri na hata katika mafundisho ya wakatekumeni: jina la Babu, yaani Mzee wa Mwanzo wa ukoo wetu. Je, jina hilo laweza kuubeba Umungu wa Kristu? Au laubeba nusu tu, na kuuacha njiani?

I. Jina hili limetoka wapi

Mwaka 1945 Padri Placide Tempels, Mfransiskani aliyefanya kazi kati ya Baluba wa Katanga, alitoa kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Alieleza kwamba kwa watu wetu uzima ni nguvu inayoshuka kama kwa ngazi: juu kabisa Mungu, chini yake mababu wa kwanza walioanzisha koo, kisha marehemu wengine, kisha walio hai kwa kufuata ukubwa wa kuzaliwa, mwisho wanyama, mimea na vitu.

Wengi walimpinga Tempels kwa mambo mengine, lakini mfano wa ngazi ulibaki. Padri Bénézet Bujo, mzaliwa wa Ituri, aliyefundisha Kinshasa na baadaye Fribourg kule Uswisi, alijenga juu ya fikra ya mababu. Katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1986 alimwita Kristu Babu wa Mwanzo, ambaye anatimiza yote mema waliyoyatamani mababu, tena anawapita. Miaka miwili mbele yake, Padri Charles Nyamiti wa Tanzania alikuwa amekwisha kutoa kitabu kizima juu ya Kristu kama Babu yetu. Na katika mwaka ule ule wa 1986 Padri Kabasele Lumbala, mtu wa Kasai, aliandika juu ya Kristu aliye babu na kaka mkubwa.

Watu hawa hawakuwa wakicheza na imani. Waliona jambo ambalo kila padri wa parokia analiona. Mkristu anasali kanisani asubuhi. Jioni, mtoto akishikwa na ugonjwa usioeleweka, anakwenda kwa wazee kuuliza ni marehemu gani amekasirika. Yezu anaye kwa mambo ya mbinguni, mababu anao kwa mambo ya nyumbani. Basi wanateolojia hao walitaka kumwingiza Yezu ndani ya nyumba, hata penye moto wa jikoni, mahali ambapo maisha yenyewe yanaamuliwa. Shauri hilo ni jema, na anayelicheka hajawahi kukaa kilioni.

Tena jina hili lina faida za kweli. Babu hutoa uzima, naye Kristu amesema kwamba amekuja ili tuwe na uzima tele. Babu huacha maneno yake ya mwisho, nayo huwa sheria kwa watoto. Nasi kila siku tunatimiza agizo ambalo Bwana aliliacha usiku wa karamu ya mwisho. Babu hukusanya ukoo kuwa mmoja. Na Bujo alitaka ukoo huo usiwe na ukuta: ikiwa Babu wetu ni Kristu, basi hata mtu wa kabila lingine ni ndugu wa damu. Mtu anayejua vita vilivyowaka katika Ituri tangu mwaka 1999 hawezi kusema kwamba neno hilo ni dogo.

II. Kipimo cha Nisea

Sasa tusikilize Konsilio. Mara nyingi tunamfundisha Ario kama mtu aliyemtukana Kristu. Sivyo. Ario, padri wa Aleksandria, alimsifu Kristu sana. Alisema kwamba Mwana ni wa kwanza katika viumbe vyote, wa juu kuliko malaika wote, kwamba kwa mkono wake Mungu aliumba vitu vingine vyote. Yasemekana hata alitunga nyimbo ili mabaharia na wasagaji waziimbe kazini. Alimpa Kristu kila sifa isipokuwa moja tu: kwamba ni Mungu sawa na Baba, asiyeumbwa, asiye na mwanzo.

Hapo ndipo penye ugumu wote. Mababa wa Konsilio walitafuta maneno katika Maandiko ili kumfunga Ario, lakini kila neno walilolitaja, wafuasi wake walilikubali kwa maana yao wenyewe. Mwishowe walichukua neno la Kigiriki lisilopatikana katika Biblia, *homoousios*, maana yake kwamba Mwana ni wa Umungu ule ule mmoja wa Baba. Kwa neno hilo walivunja ngazi. Tangu siku ile Mkristu anajua kwamba kuna pande mbili tu: upande wa Muumba na upande wa viumbe. Hapa katikati hapana kiti. Na Mwana yuko upande wa Muumba.

Mtakatifu Atanasi, aliyekuwa shemasi wakati wa Konsilio na baadaye askofu wa Aleksandria, alifukuzwa mara tano katika jimbo lake kwa ajili ya ukweli huo. Mbona asikubali kulegea kidogo ili akae kwa amani? Kwa sababu aliona kwamba wokovu wetu wenyewe umo hatarini. Asiye na uzima kwa asili yake, bali ameupewa kama sisi, hawezi kutufanya tushiriki uzima wa Mungu. Daraja lisilofika ng'ambo si daraja, hata likiwa refu na zuri. Kama Kristu ni kiumbe cha juu, basi tumepelekwa juu kidogo, lakini kwa Mungu hatujafika. Tena batizo letu lingekuwa kwa jina la Mungu mmoja pamoja na kiumbe, jambo ambalo Atanasi aliliona kuwa upuuzi.

III. Jina la Babu katika kipimo hicho

Tulete sasa jina letu. Babu ni nani kwa watu wetu? Ni mtu aliyezaliwa, akaoa, akazaa, akaishi vema, akafa, na watoto wake wanamtaja. Yuko karibu na Mungu kuliko sisi, kwa hiyo tunampitia. Lakini yeye mwenyewe si Mungu. Ni mkubwa wetu aliyetangulia. Tena anategemea ukumbusho wetu: babu asiyetajwa na mtu anasahauliwa na kupotea. Katika ngazi ile, tofauti ya babu na mimi ni ya kiasi tu: yeye yuko juu zaidi, mimi chini zaidi.

Ukichukua jina hilo na kuliongezea neno "wa Mwanzo", au "mkubwa kuliko wote", je, umetoka katika ngazi? Hapana. Umepanda tu mpaka daraja ya juu. Na daraja ya juu ya ngazi ndipo Ario alipomweka Kristu. Sisemi kwamba Bujo ni mfuasi wa Ario. Yeye anaungama Umungu wa Kristu, na alitumia neno lake akilinda tofauti kati ya Kristu na mababu. Lakini kitabu cha mwalimu hakifiki kijijini pamoja na maelezo yake yote. Linalofika ni jina. Na jina likifika peke yake, linafika na mzigo wake wa zamani.

Nyamiti aliiona hatari hii, naye alikwenda mbali zaidi. Alitafuta asili ya ubabu ndani ya Utatu Mtakatifu wenyewe: Baba ni kama Babu, Mwana ni mzao wake, na Roho Mtakatifu ni kama sadaka ya upendo kati yao. Hapa Mwana hawekwi tena kati ya Mungu na watu. Yumo ndani ya Mungu. Hiyo ni kazi ya akili kubwa. Lakini tazameni gharama yake. Babu hutangulia, naye Baba hamtangulii Mwana hata kwa nukta moja. Babu amekufa, naye Baba hafi. Babu ana wakubwa wake, naye Baba hatoki kwa yeyote. Ukiisha kuondoa kutangulia, na kufa, na kutoka kwa wengine, mwanafunzi wa seminari ataelewa kilichobaki. Lakini mama anayejitayarisha kwa batizo atauliza: babu gani huyo?

Na Roho Mtakatifu je? Hatari ni kubwa zaidi. Kama Kristu ni babu, basi msikilizaji atamwona Roho kuwa ile nguvu ya uzima inayoshuka toka kwa mababu, kitu kinachoongezwa na kupunguzwa, ambacho mganga anaweza kukitia katika dawa. Lakini Konsilio ya Konstantinopoli, mwaka 381, ilifundisha kwamba Roho ni Bwana, naye anaabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Nguvu haiabudiwi, Nafsi ndiyo inayoabudiwa.

IV. Swali linalorudishwa

Msomaji mwenye akili ataniuliza: Je, majina ya Baba na Mwana hayakutoka pia katika nyumba za watu? Baba wa duniani naye anatangulia, naye anakufa. Mbona hayo unayakubali?

Swali ni la haki. Najibu hivi. Majina ya Baba na Mwana tumeyapokea kinywani mwa Bwana mwenyewe, na kwa majina hayo tumebatizwa; hatukuyachagua. Hata hivyo Eklezya haikuyaacha bila kuyasafisha: Nisea iliongeza mara moja kwamba Mwana amezaliwa lakini hakuumbwa. Basi jina la Babu nalo laweza kusafishwa. Kuwa jipya si kosa, kwani *homoousios* nalo lilikuwa jipya. Lakini jina lililochaguliwa na sisi lifuate nyuma ya majina tuliyopewa, wala lisikae mahali pao.

Tena liturjia yetu ya Kongo imekwisha kutuonyesha njia. Katika Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, mababu wenye moyo mnyofu wanaitwa mwanzoni mwa Misa, pamoja na watakatifu, ili wawe pamoja nasi. Kristu hakutiwa katika hesabu yao. Wao wanakuja kusali pamoja nasi; yeye ndiye tunayemwendea. Kwa watakatifu tunasema: utuombee. Kwa Kristu tunasema: utuhurumie. Ni kweli, Waraka kwa Waebrania wafundisha kwamba Kristu naye anatuombea daima. Lakini anatuombea katika ubinadamu alioutwaa kwa ajili yetu, na huyo anayeomba ndiye aliye mmoja na anayesikiliza. Konsilio ya Kalsedoni, mwaka 451, ilisema yote mawili: ni wa Umungu mmoja na Baba, ni wa utu mmoja nasi. Si mpatanishi kwa kusimama katikati, mbali na hawa na mbali na wale. Ni mpatanishi kwa sababu yuko mzima pande zote mbili.

V. Tufanye nini

Ninyi makatekista, msiliogope jina la Babu, wala msianze nalo. Fundisheni kwanza ishara ya msalaba na batizo: jina moja, Nafsi tatu. Fundisheni kwamba Mwana hakuumbwa. Kisha, mkifika kwenye Umwilisho, semeni kwa furaha kwamba Mungu huyu amekubali kuzaliwa katika ukoo wa watu, kufa kama wazee wetu walivyokufa, na kuwa mwanzo wa ukoo mpya usio na kabila. Hapo jina la Babu linakaa vizuri, kwa maana linasema jambo alilotutendea katika mwili.

Na siku ya mtihani wa wakatekumeni, baada ya sala zote walizoshika kwa moyo, ongezeni swali moja: Mtoto wako akiugua usiku, utamwendea Yezu kwa sababu yu mkubwa wa wazee wote, au kwa sababu ni Mungu? Anayejibu la kwanza atarudi kwa wazee wengine, kama yule mkubwa wao akichelewa kujibu. Anayejibu la pili hana mwingine wa kumwendea nyuma yake.