Thamani ya Tarumbeta la Babu: Uhakiki wa Kipimo cha Wakusanyaji

Familia zetu zilizohamia Campbelltown na vitongoji vingine vya kusini-magharibi mwa Sydney zimefika wakati wa kugawana vitu vya wazee. Ndani ya kasha la marehemu, pamoja na mkufu na buli, huenda likatoka tarumbeta la shaba lililobonyea. Swali la kwanza huwa moja: lauzwaje? Jibu hutafutwa kwa dalali, au katika vitabu na orodha za minada za wakusanyaji wa ala kongwe. Makala haya yanahakiki jibu hilo.

Katika kutambua ala, vitabu hivyo vina elimu ya kweli. Vyatufundisha kusoma jina la mtengenezaji lililochorwa kwenye mdomo mpana, namba iliyogongwa kwenye vali, na alama za mwenye mali. Ala iliyoandikwa Boosey & Hawkes haikutengenezwa kabla ya mwaka 1930, kwani ndipo kampuni mbili za London, Boosey na Hawkes, zilipoungana. Kwa hiyo haiwezi kuwa ya bendi ya Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar toka 1870 hadi 1888. Alama ya mshale mpana yaonyesha mali ya serikali ya Uingereza. Vali za pistoni za muundo wa Périnet zilibuniwa Paris mwishoni mwa miaka ya 1830. Tarumbeta lenye vali hizo halikuletwa na Wareno, hata kama hadithi ya ukoo yasema hivyo. Hapa mkusanyaji atusaidia kuliko ndimi zetu.

Kasoro yaanza katika kuthamini. Orodha hupima umaarufu wa mtengenezaji, uhaba na ukamilifu. Kiraka cha lehemu hushusha bei. Vali iliyotolewa kwenye ala nyingine hushusha zaidi. Matarumbeta mengi ya Kiingereza ya zamani yalitengenezwa kwa sauti ya juu, karibu mitetemo 452 kwa noti ya A, nayo hayalingani na ala za leo. Kwa hiyo huuzwa rahisi. Kwa mnunuzi anayetaka kupiga, hesabu hiyo ni sahihi. Kwa mwanahistoria wa pwani, kiraka hicho ni ushahidi. Chaonyesha kwamba ala ilitumika, ikavunjika, ikapata fundi, ikarudi mtaani.

Na mtaani ilikuwa na kazi kubwa. Ngoma ya beni ilianza pwani yetu katika miaka ya 1890, ikaenea bara. Mombasa walishindana Kingi na Scotchi; Tanganyika, Marini na Arinoti. Terence Ranger aliionyesha katika kitabu chake cha 1975 kuwa historia ya jamii nzima: vyeo, mashindano, kusaidiana. Ala iliyopigwa katika shindano kama hilo, ikiwa yajulikana ni ya kundi gani, ina thamani isiyo na safu katika orodha yoyote ya mnada.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya tarumbeta la vali kufika. Siwa ya shaba ya Lamu, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya mji huo pamoja na siwa ya pembe ya Pate, haikuwa bidhaa. Habari za Pate zasimulia kwamba Mwana Darini alinyimwa siwa kwa sherehe ya mwanawe, akaagiza achongewe nyingine ya pembe. Aliloliomba lilikuwa heshima, si uzito wa shaba. Hata Oman barghum, ndugu wa baragumu letu, hupulizwa kwa ubavu katika razha, na hadhi yake hutokana na mkutano unaoitikia.

Basi tusijidanganye upande wa pili pia. Kila familia hupenda kusema kitu chake kilikuwa cha Sultani. Bendi ya Sultani ilikuwa na wapigaji wengi wa Kigoa. Anayedai tarumbeta limetoka huko alete picha, barua, au jina la mpigaji. Pasipo hayo, dai linabaki dai.

Na anayeuziwa siwa kongwe kwa bei nafuu ajihadhari. Sheria ya Kenya ya 2006 yataka kibali kwa kutoa vitu vya kale nchini, na sheria ya Australia ya 1986 yaruhusu kukamatwa kwa turathi zilizotolewa kwao kinyume cha sheria.

Familia inayotaka kuuza ina haki ya kuuza. Lakini isilisugue tarumbeta kwa dawa, kwani kusugua hufuta maandishi. Ipige picha kila alama, kisha iandike nani alilipiga, mji gani, kundi gani, katika harusi au maulidi ya nani. Dalali hataweza kuyaongeza hayo baadaye, na wazee waliocheza beni ujanani mwao si wengi tena.