Fundi Aliyepandisha Sauti Kwenye Jua

Mwaka 1880, mjini Washington, Charles Sumner Tainter alipanda juu ya paa la shule ya Franklin akazungumza na Alexander Graham Bell, aliyekuwa kwenye maabara yake mita 213 kutoka hapo. Waya haukuwapo, sauti ilibebwa na mwanga wa jua. Tainter alimwambia Bell, kama anamsikia, ajitokeze dirishani apunge kofia. Bell akajitokeza, akapunga.

Chombo hicho kiliitwa fotofoni, na sifa zake zikamwendea Bell. Lakini ukikikagua kipande kwa kipande, utakutana na mkono wa fundi. Tainter hakusoma sana shuleni. Ujuzi aliupatia kazini, ikiwemo karakana ya Alvan Clark na wanawe, watengenezaji wa darubini.

Anza na upande wa msemaji. Miale ya jua iliangukia kioo chembamba mno, kwa mfano cha ulanga uliopakwa fedha, na msemaji akasemea nyuma yake. Sauti ilikibonyeza na kukibinua, na mwanga uliorudi ukakusanyika na kutawanyika kwa kufuata maneno yenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa kwa msikilizaji. Huko ilitumika seleniamu, ambayo hupitisha umeme zaidi inapoangaziwa. Ila seleniamu ni bahili: hata kwenye mwanga, umeme hupita kwa shida. Bell na Tainter wakapanga visahani vya shaba ya manjano, na kati ya kila viwili wakaweka kisahani cha ulanga chenye upana pungufu kidogo. Ukingoni ikabaki mifereji myembamba, wakaijaza seleniamu. Kisha visahani vya shaba vikaunganishwa kwa kupishana, hiki na waya huu, kinachofuata na waya ule. Sasa umeme ulikuwa na unene wa ulanga tu wa kuvuka, na mzunguko mzima wa kila kisahani wa kuvukia. Shaba nayo haikuchaguliwa ovyo, kwani huingiliana kikemia na seleniamu na kushikana nayo barabara. Ukinzani ukashuka hadi omu 300 gizani, na karibu nusu ya hapo kwenye mwanga. Kwa betri na simu ya sikioni, maneno yakasikika.

Mawingu na ukungu viliinyima fotofoni soko, ingawa Bell aliithamini kuliko simu. Leo mazungumzo kati ya Mombasa na ng'ambo hupita chini ya bahari yakiwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Anayemsifu Bell kwa kuliona hilo mapema, amsifu na Tainter: bila visahani vile, wazo lingeishia daftarini.