Bomba la Moshi Jikoni: Somo la Kajiado kwa Lubondja

Sombe, mboga ya majani ya muhogo, haiivi upesi. Mama wa Lubondja, mashariki mwa Kongo, anayeipika juu ya mafiga hukaa na moto muda mrefu, mara nyingi na mtoto mgongoni, na wote wawili huvuta moshi uleule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kuutoa nje ni kazi anayoiweza fundi bati wa mji wa Fizi au Baraka, mradi apime vizuri.

Kati ya 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, lilishirikiana na akina mama wa Kimaasai wa Kajiado, Kenya. Juu ya moto uliwekwa mwavuli wa bati, ukaunganishwa na bomba lililopenya paa. Hapakuwa na feni. Chembe za moshi ndani ya nyumba zilipungua kwa takriban robo tatu.

Siri ya bomba hilo ni hewa moto: ni nyepesi, hivyo hupanda yenyewe. Bomba likiwa refu na wima, mvuto huongezeka. Kila kona huupunguza. Mwavuli uwe mpana kuliko mafiga, na ushuke kadiri mpishi anavyoweza kukoroga bila kugonga kichwa. Mdomo wa juu wa bomba upite kilele cha paa na uwe na kizuia mvua. Bomba la namna hii halina kelele yoyote.

Mwenye mgahawa mjini Baraka, aliye na jenereta au sola, anaweza kuongeza feni. Hapo kelele huletwa na kasi ya hewa. Bomba la sentimita 15 lina nafasi mara 2.25 ya lile la sentimita 10, kwa hiyo hewa ileile hupita kwa chini ya nusu ya kasi, na mvumo hushuka sana. Bati laini na gumu hufaa kuliko bomba la mikunjo, ambalo huvuma na kunasa mafuta. Plastiki isitumike kabisa: huyeyuka, na mafuta yaliyoganda ndani yakishika moto, nyumba huungua.

Hatari mbili zisisahaulike. Feni yenye nguvu katika chumba kilichofungwa inaweza kurudisha ndani hewa ya sumu ya makaa, isiyo na harufu. Dirisha libaki wazi. Na bomba la bati la tabaka moja lisipite katika paa la nyasi: vipimo vya Marekani hutaka liwe sentimita 45 mbali na chochote kinachowaka. Ezeka jiko kwa mabati kwanza.

Kazi ikiisha, shika kijiti kinachofuka ukingoni mwa mwavuli. Moshi ukimwagikia chumbani, ongeza urefu au upana wa bomba kabla ya kumlipa fundi.